Jumatano ni Zamu Yangu

Mgeta,
22 Julai 2024

Kwa mke mwenzangu Mwaisha,

Assalaam alaikum. Natumaini u mzima, cherehani yako inazunguka, na hao wasichana wa shule ya Kilakala bado wanachana sare zao ili upate kazi. Huku juu baridi ya mwezi huu haina adabu, inamfuata mtu mpaka ndani ya blanketi. Karoti zimekubali, kabichi zimeliwa kidogo na wadudu. Mimi sijambo, ila si mzima, na ndiyo sababu ya barua hii.

Usishangae kuona mwandiko wangu. Miaka sita tuko kwa mume mmoja hatujaandikiana, na kwa simu tulijaribu mara moja, unakumbuka tulivyomalizana. Barua ni nzuri, mtu hawezi kumkatiza mwenzake. Nimempa Stephano wa lori la mboga, nikamwambia aikabidhi mkononi mwako, siyo kwa mume wetu Halidi.

Ugonjwa wenyewe ni huu. Chini ya taya la kulia nina uvimbe. Nikianza kula tu unajaa kama yai, nikimaliza unanywea polepole. Ndimu siwezi hata kuitazama, maana mate yakija maumivu yanakuja nayo. Ramadhani iliyopita mchana nilikuwa na raha, ikifika kufuturu nalia. Mara mbili umejaa usaha. Dokta Jesca wa hapo mjini amenipiga picha akaona kijiwe kimekaa kwenye tezi ya mate, kimeziba njia, na tezi yenyewe imekwisha kuharibika. Anasema itolewe. Usaha ukijaa mara ya tatu unaweza kushuka kooni ukanibana pumzi, na barabara ya kutoka huku mpaka hospitali unaijua, hasa mvua ikinyesha.

Nilidhani nitalazwa. Ningelazwa nisingekusumbua. Lakini anasema siku hizi kazi hiyo hailaziwi mtu. Asubuhi wanakupa dawa ya usingizi, wanakupasua, jioni unaruhusiwa unakwenda kwako. Ila hapo kwako pasiwe mlimani. Usiku wa kwanza nilale mjini, karibu na hospitali, kwenye nyumba yenye mtu mzima. Bila nyumba hiyo hanipasui. Mwanangu Idrisa yuko Mwanza kwenye kazi ya watu, na binti yangu Pili yuko Dodoma na kichanga hata arobaini hakijatimiza. Mjini sina nyumba nyingine ila yako.

Halidi aliposikia alisema, "Si tunakwenda tu kwa Mwaisha." Wanaume kwao nyumba zote ni moja. Nimemkatalia. Sijawahi kukanyaga kizingiti chako, na sitakikanyaga kwa kupelekwa kama tenga la nyanya. Nataka mwenye nyumba aniite mwenyewe, kwa hiyo nakuomba wewe. Siku ni Jumatano, tarehe 14 Agosti. Ukisema hapana nitaelewa, na hatutagombana zaidi ya tulivyokwisha kugombana.

Mke mwenzio,
Mwanvita


Kilakala, Morogoro,
26 Julai 2024

Dada Mwanvita,

Shikamoo. Pole sana kwa maradhi. Mimi ni mzima na kazi zipo. Barua nimeipata. Stephano alinikabidhi mbele ya wateja, kwa sauti, sasa mtaa mzima unajua kwamba bi mkubwa kaniandikia.

Nitasema lililo moyoni maana mimi sijui kupamba. Nimeisoma nikakuonea huruma, halafu nikafika pale penye siku nikarudi kusoma upya. Dada, wiki ina siku saba. Halidi analala kwako Alhamisi, Ijumaa na Jumamosi. Jumapili yuko njiani na mzigo wa Dar. Jumatatu, Jumanne na Jumatano ni zamu yangu. Katika siku zote hizo kisu cha dokta kimeiona Jumatano yangu tu? Nakuuliza kwa uzuri.

Na usiniambie ni wivu, najua ni wivu. Akija Jumatatu anakuja na harufu ya moshi wa jiko lako. Nikipika mchicha ananiambia wa Mgeta hauhitaji hata chumvi. Nikipika maharage anauliza kwa nini yanachelewa kuiva, ya Mwanvita hayachelewi. Nikipandisha sauti ananiambia mwenzako hapandishi sauti. Nimeishi na wewe humu ndani miaka sita bila wewe kukanyaga kizingiti. Sasa unakuja na mwili.

Nilitaka nifunge mlango niende kwa mama yangu huko Ngerengere niwaachie nyumba. Nikafika mpaka kukunja nguo. Halafu nikajiuliza, yaani niwaachie nyumba yangu na usiku wangu muwe wawili? Nguo nimezikunjua.

Basi karibu. Nimekuita mwenyewe, wala hajaniambia mtu. Lakini tuelewane kabla. Utalala sebuleni, kuna godoro zuri. Chumbani ni kwangu na Halidi, na usiku ule ni wangu hata kama wewe ni mgonjwa. Na usimwite Baba Idrisa mbele yangu. Humu ndani hana jina hilo.

Mdogo wako,
Mwaisha


Mgeta,
30 Julai 2024

Mwaisha,

Marahaba. Natumaini hujambo. Mimi nipo, uvimbe nao upo.

Siku sikuichagua mimi. Dokta Jesca hupasua Jumatano tu. Nenda kamuulize kwa nini hakutazama zamu zetu kabla ya kupanga kazi zake.

Kuna jambo sikulieleza vizuri. Huyo mtu mzima wa kuwa nami siyo wa kulala tu nyumba moja. Anatakiwa akae macho usiku ule, anitazame shingo. Ikivimba, ikiwa ngumu, au nikianza kuvuta pumzi kwa shida, nirudishwe hospitali palepale, asingoje kukuche. Damu ikivujia ndani hubana koo. Nilimtegemea Halidi. Sasa nasikia Halidi yuko zamu. Nikishindwa kupumua nibishe hodi chumbani, au nivumilie mpaka mtoke?

Unasema unaishi na mimi humo ndani. Na mimi je? Nyumba yako ina vigae na maji ya bomba. Vigae hivyo vimetoka kwenye karoti za shamba la mama yangu. Sisi Waluguru ardhi ni ya ukoo wa mama, unajua, na Halidi huku ni mgeni aliyepewa jembe. Analima kwangu, anajenga kwako. Jumamosi akioga anaanza kuimba, nami najua Jumatatu imekaribia. Kwangu haji akiimba. Anakuja amechoka, anauliza habari za mbolea, analala. Unaonea wivu maharage. Mimi naonea wivu wimbo, na miaka sita sijasema. Umeniuliza kwa uzuri nami nakujibu kwa uzuri.

Kaa na usiku wako. Nitamwambia dokta sina nyumba mjini. Uvimbe huu tumezoeana, na usaha labda utanizoea.

Mwanvita


Kilakala,
9 Agosti 2024

Dada Mwanvita,

Shikamoo. Habari za baridi na maumivu? Nimechelewa kujibu kwa sababu kila nilichoandika kilikuwa matusi, nikawa nachana.

Jana nilikwenda hospitali. Nilingoja mpaka Dokta Jesca akatoka, nikajitambulisha kuwa ni ndugu yako. Nikamuuliza kama haiwezekani kazi yako akaihamishia Alhamisi. Akaniuliza Alhamisi kuna nini. Nikabaki namtazama viatu. Akanieleza mwenyewe, bila haraka, kwamba tezi ile ikijaa tena huenda usifike mjini.

Nimefikiri hivi. Ukifa huko juu kwa sababu ya Jumatano yangu, Halidi hatalala humu tena, hata akilala. Na Halidi akikaa kukutazama usiku mzima, akunyweshe uji, akushike mkono, nitatangulia kufa mimi. Kwa hiyo nitakutazama mimi. Dokta amesema mtu mzima, hakusema awe na ndevu. Shule zikifunguliwa nashona sare mpaka alfajiri, kukesha si kitu kwangu. Halidi atalala peke yake. Usiku ule hautakuwa wako wala wangu.

Usije na kitu. Uji wa ulezi nitapika mimi, mwembamba, nimeambiwa hutakiwi kutafuna.

Na usinishukuru. Sifanyi kwa wema.

Mdogo wako,
Mwaisha


Mgeta,
27 Agosti 2024

Mdogo wangu Mwaisha,

Assalaam alaikum. Habari za tangu tulipoagana stendi? Nilifika salama. Kidonda kimefunga, ila chini ya kidevu pana ganzi, nikijigusa ni kama namgusa mtu mwingine. Uvimbe hakuna. Jana nimekula ugali, nikangoja maumivu yaje, hayakuja. Nilikaa na sahani nikacheka peke yangu.

Ulinikataza kukushukuru, na siku zote saba nilizokaa kwako nilinyamaza. Sasa niko mbali, huwezi kunifunga mdomo, acha niseme.

Ulidhani nilikuwa nimelala ile Jumatano. Nilikuwa nimefumba macho tu. Nilikuwa nakuona umevuta kiti, umeiwasha tochi ya simu, unanitazama shingo. Hukunitazama kwa huruma. Ulikuwa unanikagua kama kitambaa cha dukani, unatafuta kasoro, na nikasema moyoni, huyu leo ananihesabia mikunjo. Nilikasirika sana. Lakini aliyenitazama kwa huruma angesinzia. Wewe wivu ulikuacha macho, na ulipoona ngozi imenyanyuka kidogo upande ule hukusubiri kujiuliza. Mimi nilikuwa bado sijahisi kitu. Nilipotaka kukuambia niache nilale, sauti ikakataa kutoka.

Njiani kwenye bajaji ya yule dereva Abuu ulikuwa unanishika kichwa na kunitukana. Ulisema, "Usinifie wewe, usinifie, watasema nimekuua." Nilikusikia vizuri. Daktari wa zamu alipofungua nyuzi na kutoa lile bonge la damu, pumzi ikarudi, mtu wa kwanza niliyemwona ni wewe umesimama kanga kichwani, kiatu kimoja.

Na yule wa chumbani. Naandika huku mbavu zinaniuma. Mwaisha, kumfungia mume kwa ufunguo ili asije kukaa karibu nami, ukaufunga ufunguo kwenye pindo la kanga, kisha ukaenda nao hospitali. Jirani zako waliniambia waliamka na kelele za mlango, wakamkuta Halidi mzima na miaka yake anatokea dirishani, adhana ya alfajiri imeshapita. Mpaka leo anasema nyumba ile ilikuwa na wendawazimu wawili na mgonjwa hakuna.

Alhamisi yake, nilipokuwa nimeruhusiwa tena, ndiyo sitaisahau. Zamu yangu imefika, lakini mwenye zamu yuko kwenye nyumba ya mwenzake, na dokta amekataza nisipande mlima mpaka nyuzi zitolewe. Halidi akasimama ukumbini anatazama mlango wa chumbani, anatazama godoro langu, hajui aelekee wapi. Wewe ukauma uzi na mimi nikageukia ukutani. Akachukua shuka akaenda kulala kwenye lori lake. Wanasema mgeni njoo, mwenyeji apone. Kwako mgeni amepona, mwenyeji ndiye aliyelala nje.

Sasa sikiliza. Nimemuuliza Ustadhi Ahmadi, amesema mke anaweza kumpa mwenzake siku zake kwa ridhaa. Nakupa zangu. Alhamisi, Ijumaa na Jumamosi, kuanzia wiki hii. Halidi nimemweleza, atakuja huku mchana kupakia mzigo na kurudi. Umenipa uhai na mimi sina kingine unachokitaka. Tena pembe moja ya mdomo wangu imelegea, dokta anasema mshipa umeguswa, utarudi baada ya miezi. Nikinywa uji unachuruzika. Mwanamke wa namna hii ni bora apumzike.

Pokea, usibishane na mtu mzima.

Dada yako,
Mwanvita


Kilakala,
24 Septemba 2024

Dada yangu,

Shikamoo. Unaendeleaje na mdomo? Ganzi imepungua? Mimi mwili ni mzima.

Umeona kimya changu. Nilipopata barua yako sikubishana, nilipokea. Nilifurahi, kwa nini nikudanganye. Nilinunua mapazia mapya. Nikasema, Mwaisha, sasa una mume wiki nzima kama wanawake wengine. Jirani zangu nikawapita kichwa juu.

Alhamisi ya kwanza alikuja na samaki, tukala, tukalala. Ijumaa akaniuliza kama huku Kilakala mtu anaweza kuuona mlima wa Mgeta. Nikamwambia toka nje utazame. Akatoka, akakaa kibarazani mpaka chai ikapoa. Jumamosi aliingia kuoga, na nilisogea mlangoni kusikiliza ule wimbo wako unaouonea wivu. Hakuimba. Wiki nne zimepita na hajaimba. Dada, huyu mtu alikuwa anaimba kwa sababu ya safari. Kwangu haimbi kwa kuwa yuko kwangu, na kwako aliimba kwa kuwa alikuwa anaondoka. Ukimweka mahali pamoja anakuwa kama saa iliyoishiwa betri.

Lakini siyo hilo lililonishinda. Kuna kitu sikukuambia. Usiku ule, kabla hujavimba, nilipokuwa nimekaa na ufunguo kiunoni, alikuja nyuma ya mlango. Hakugombana, hakusema fungua. Aliuliza, "Anapumua?" Nikamjibu anapumua, lala. Baada ya muda akarudi, "Mwaisha, bado anapumua?" Mara tatu nne, mpaka usingizi ukampitia. Sauti ile sijawahi kuisikia. Mimi nilipata malaria mwaka juzi mpaka nikawekewa maji, aliniuliza kama nimekula.

Nimekaa na sauti hiyo tangu siku ile. Kila nikimwona kibarazani naisikia. Unanipa siku zako, lakini umebaki nazo huko huko, kwa sababu yeye anakuja huku na mwili tu. Usiku mmoja alinishika bega usingizini akauliza kama shingo bado inauma. Ilikuwa Ijumaa, siku yako, na nikaona nimekaa kwenye kiti cha mtu.

Basi nakurudishia. Zote tatu. Heri nikae peke yangu Alhamisi nikuonee wivu kwa raha zangu, kuliko kukaa naye akikuwaza. Usiniambie mdomo umelegea. Mdomo hauhusiki, hakuna aliyeuliza habari za mdomo. Nimemfungia nguo zake, nimemwambia keshokutwa apande mlima alale.

Usidhani nimekuwa mwema. Jumatano ni yangu, hata ikipangwa kliniki.

Mdogo wako,
Mwaisha


Mgeta,
30 Septemba 2024

Mdogo wangu Mwaisha,

Assalaam alaikum, na amani ya Mungu iwe nawe na nyumba yako. Ganzi inapungua, nahisi kidevu sasa ni changu. Pembe ya mdomo bado.

Alikuja Alhamisi. Nilikuwa nimejifunika kanga mpaka puani kama ninaumwa jino. Nikamwekea chakula nikakaa upande wa giza. Akala kidogo, akasema, "Geuka nikuone." Nikamwambia hapana. Akaacha kula. Basi nikageuka. Akatazama, akatazama tena, akasema, "Kumbe ni hivyo tu." Akaendelea na ugali wake. Mwaisha, nimeolewa na mtu huyu miaka ishirini na sita na sijawahi kuambiwa neno lililonitosha kama hilo.

Lakini usifurahi upesi. Alipomaliza kunawa alianza kukusifu. Mwaisha jasiri, Mwaisha hakusinzia, Mwaisha alikukimbiza kiatu kimoja, mwanamke kama yule hapatikani. Ijumaa akarudia. Jumamosi alikusifu tena mbele ya wageni waliokuja kununua karoti, nikampakulia mifupa mitupu. Sasa najua maharage yangu yalivyokuwa yanakukaa rohoni.

Kuna neno lazima nikuambie, maana umeniandikia kama vile mimi ni mtu wa roho nyeupe. Wanasema kutoa ni moyo. Mimi nilitoa kwa mkono. Nilipojitazama kwenye kioo na mdomo huu nilijua moja kwa moja: huyu mtu ataanza kuchelewa, leo mvua, kesho lori bovu, mpaka siku zangu ziishe zenyewe. Nikasema, heri nizitoe mimi kabla hajaziacha yeye. Kila Alhamisi wiki zile nne nilikuwa natandika kitanda, nawasha taa ya uani, halafu nakaa kukulaani. Nilikupa siku zangu nikimwomba Mungu ukatae, na ulipopokea nilikuchukia kuliko siku ulipoolewa.

Kwa hiyo usinisifu kwa watu, wala usiseme nimekuzidi wema. Tumelingana. Wewe ulinikeshea kwa wivu na mimi nilikupa kwa wivu, na wote wawili tuko hai.

Kliniki yangu ni Jumatano tarehe tisa. Nitalala kwako sebuleni kama kawaida, na Baba Idrisa sitamwita.

Alhamisi usimcheleweshe.

Dada yako,
Mwanvita